Hakuna Unesi Katika Orodha ya Masomo

Jumanne, 12 Agosti 2014. Lidcombe, Sydney.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Agosti unaopenya hadi chini ya mlango. Leo nilikuwa off. Ningelala. Badala yake nimefanya jambo ambalo nimewasema wanawake wengine miaka yote kwa kulifanya. Nimemfuata mtoto chuoni kumchunguza.

Mtoto mwenyewe ana miaka ishirini. Ni Mghoi, binti wa kaka yangu Mwadime. Alikuja kutoka Voi mwezi wa pili, nami nikampa chumba cha pili hapa kwangu. "Amepata nafasi ya unesi, kama wewe," Mwadime aliniambia kwa simu. Nilifurahi. Nina miaka ishirini wodini, kumi na mmoja kati yake katika hospitali ya hapa Westmead. Nilijua mtoto nitamwelekeza.

Ila tangu muhula huu uanze, roho yangu haijatulia.

Wanafunzi wa unesi nawajua, tunaletewa kila mwaka. Anarudi nyumbani miguu imevimba, anafua sare, anakuuliza maswali hata ukiwa na tonge mdomoni. Mghoi hajawahi kufua sare. Hajawahi kuniuliza hata presha inapimwaje. Nilipomuuliza mazoezi ya hospitali wanaanza lini, alisema, "Bado, Shangazi, labda mwakani," akainamia sahani.

Halafu juzi Jumapili, tukitoka ibadani, Mama Furaha akanishika mkono. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, huwa tunakaa benchi moja. "Mtoto wako iko na bidii," akaniambia. "Alinielezea anafanya stage ku hospitali ya Penrith."

Penrith! Anayefanya mazoezi Penrith huondoka hapa giza bado halijatoka. Mghoi huamka saa mbili.

Nikatabasamu. Nikasema ndiyo, ana bidii sana. Basi nami nikawa nimedanganya, tena mlangoni mwa kanisa.

Jana alipotoka niliingia chumbani kwake. Naandika hivi ili nisije nikajiambia kwamba nilikuwa natafuta nguo za kufua. Kitabu cha chuo kilikuwa juu ya meza, wala hakikufichwa. Nilikaa kitandani nikakisoma ukurasa kwa ukurasa. Kilatini. Falsafa ya maadili. Historia ya kale. Ushairi. Muziki. Hata hisabati wanaifundisha kwa vitabu vya Wagiriki. Mwaka wa kwanza na wa pili wote husoma mambo yale yale, na wa tatu ndipo mtu anachagua, na Mghoi alikuwa ameshazungushia penseli anayoyataka. Nilifika jalada la nyuma, nikarudi mwanzo, nikaanza upya.

Unesi haumo.

Nikakishuku chuo. Nani siku hizi anafungua shule ya kufundisha Kilatini? Nikamshuku wakala aliyeshughulikia makaratasi, kwamba alimuuzia Mwadime mbuzi kwenye gunia. Nikamshuku Mghoi, kwamba amemzunguka babake. Nikafikiria hata kuna mwanamume. Mtu ambaye sikumshuku ni mmoja tu, kaka yangu.

Kwa hiyo leo nilipanda treni ya kwenda mjini. Nilitarajia chumba kimoja juu ya duka la simu. Nikakuta nyumba ya mawe ya zamani, vyumba vichache, na bustani ndogo ambamo vijana walikuwa wanakunywa chai kwenye upepo. Mama wa mapokezi alinisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba habari za mwanafunzi hawampi mtu, hata akiwa ndugu. Ni jibu ambalo mimi mwenyewe hulitoa wodini kila siku. Lakini leo lilinizidishia shaka.

Nikadanganya tena. Nikasema nataka kusoma pale.

Hakuniuliza umri. Aliniuliza ninapenda somo gani, na mdomo wangu ukasema, "Historia," kabla sijautuma. Akafurahi. Akasema kuna darasa linaendelea, nikae nyuma nisikilize.

Walikuwa kama kumi na wawili, wamezunguka meza ndefu, na aliyesimama akizungumza alikuwa Mghoi.

Habari ilikuwa ya mji mmoja wa Wagiriki uliowatoa watu wake wavuke bahari wakajenge mji mwingine. Mwalimu alikuwa ameuliza kama wale waliotumwa walibaki kuwa watoto wa mji wa kwanza. Mghoi akasema hatuwezi kujua, kwa sababu aliyeandika ni yule aliyebaki nyumbani, na aliyetumwa hakuna aliyemuuliza. Hapo akaniona. Akakwama katikati ya sentensi. Mwalimu, asiyejua lolote, akamwambia aendelee. Akaendelea mpaka akamaliza.

Nitaandika na hili. Nilipomwona amesimama pale, kabla ya hasira kulikuja kitu kingine.

Wivu.

Alinikuta nje kwenye benchi.

"Umenifuata, Shangazi."

"Baba yako anajua?"

"Ndiye aliyejaza fomu. Mimi nilikuwa namsomea, yeye anaandika."

"Na unesi umetoka wapi?"

Akalia. "Alisema wewe tukwambie ni unesi. Nyumbani wote wanajua ninachosoma. Ni wewe tu. Ya Penrith nilitunga mimi, Mama Furaha aliniuliza ghafla nikaogopa ukweli utakufikia."

Ni wewe tu. Hapo hapo nikapiga simu. Voi ilikuwa saa mbili asubuhi, nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Nilimwambia Mwadime mahali nilipo, na nani amekaa kando yangu.

"Ningekwambiaje, Mkamburi?" akasema. "Wewe, kati ya watu wote?"

Nikaelewa. Nilipomaliza shule baba yetu alikuwa ameshafariki, na Mwadime, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyekuwa na kauli. Nilikuwa na barua ya kuitwa chuo kikuu, historia na fasihi. Aliikunja, akaitia mfukoni, akasema historia haijamponya mtu malaria. Wiki iliyofuata alinipeleka chuo cha unesi Mombasa, begi langu amelibeba yeye. Sikubisha. Tangu siku hiyo hatujawahi kulitaja, na mimi nikawa mtu wa kuwaambia wasichana wote wanaofika hapa kwamba ni unesi au hakuna kitu.

"Niliona haya," akasema. "Nisamehe."

Nilikata simu.

Tulirudi kwa treni, mimi na Mghoi. Tulipokaribia kushuka nikamwambia ataendelea kukaa kwangu, na ataendelea na masomo yake, lakini uongo basi. Jumapili atamwambia Mama Furaha kwa mdomo wake mwenyewe anasoma nini, mimi sitamtetea. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama wale watu waliovushwa bahari walirudi.

"Kuna waliojaribu," akasema. "Walipigwa mawe pwani wasishuke."

Sasa yuko jikoni anapika ugali. Nikiwa mkweli, simchukii. Hata ule wivu umepungua, ingawa haujaisha, na sitajifanya umeisha.

Ni Mwadime. Nalisikiliza lile neno lake na silimalizi. Nisamehe kwa lipi? Kwa barua aliyoitia mfukoni, au kwa kuwa leo amekamatwa? Mtu aliyeweza kuniangalia miaka yote hii, akanisifu mbele za watu kwa kazi ambayo yeye ndiye aliyenichagulia, halafu akampa binti yake kile alichoninyima na kunificha, nitajuaje lini anasema kweli?

Jumapili atapiga, hakosi. Nitamuuliza swali moja tu, nimsamehe kwa lipi. Akinyamaza, sitamsaidia kwa kucheka wala kwa kuuliza hali ya mvua. Nitanyamaza naye, simu iko wazi, mpaka ajibu.