Nimejisikia Ndani ya Wimbo Wako

Mwanangu,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Mablanketi uliyotundika ukutani kuzuia mwangwi yaache hapohapo. Nitajifunika shuka.

Asubuhi niliingia chumbani kwako nikakufokea, "Zima makelele hayo, ukatafute kazi kama wenzio." Ukatoka bila hata kunywa chai. Dada yako alipokwenda kuzima kompyuta, akakuta bado inarekodi. Akanivalisha hedifoni, akasema, "Mama, hebu sikiliza."

Kumbe ulikuwa unamwimbia marehemu baba yako. Nilikaa kitandani kwako nikalia. Halafu, pale unapotaja jina lake, nikasikia mlango unagonga ukuta na mimi nafoka. Sikujua nina sauti kali namna ile. Nisamehe, mwanangu.

~~Kipande changu kifute.~~ Fanya unavyoona wewe, wimbo ni wako.

Nimempitia jirani fundi wa kuchomelea, nikamwomba asiwashe mashine yake mpaka jioni. Amekubali, ingawa kwa kunung'unika. Basi imba upya, uimbe wote. Nikirudi nikakuta hujamaliza, nitakaa nje kimya mpaka unifungulie.

Mama