Kiti cha Ghorofa ya Tatu

Gulfton, Houston
16 Februari 2020

Dada yangu Theodora,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Irving, wewe na shemeji Samson, na kwamba ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama kutwa pale uwanja wa ndege umepata nafuu. Sisi huku tunaendelea. Mume wangu Ambilikile anakula vizuri, na nywele alizonyolewa zimeota, ila zimerudi na mvi. Mimi bado nawahudumia wazee wangu wa kazini, wanaoniita Joyce kwa sababu jina zima linawachosha. Utashangaa kupokea barua ya karatasi siku hizi. Nimeandika kwa sababu simu ungeikata kabla sijafika mwisho, na mwisho ndio wenye shughuli. Jitilie chai, ukae.

Mwanzo wa mambo haya unaujua, lakini unaujua kwa mdomo wa Severin, kwa hiyo acha nikueleze kwa mdomo wangu. Mwaka jana mwezi wa Mei, katika jengo moja la maabara hapa Houston, mafundi waliokuja kuhamisha mashine ya mionzi waliitoboa. Unga uliokuwa ndani haukujaa hata kijiko, lakini uliingia kwenye viyoyozi ukasambaa ghorofa zote. Jengo likafungwa, ikaanza kazi ya kusafisha iliyochukua miezi: kufuta kuta, kukata mazulia, kufungasha kila kitu mpaka vikombe vya chai kwenye mapipa ya kwenda kuzikwa mbali. Severin akapata kipande cha kazi hiyo kwa ile kampuni yake ya usafi, akaja kututangazia vibarua baada ya ibada. Ambilikile alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nami nilimpigia makofi.

Kila mfanyakazi alipewa beji ya kupima mionzi, avae kifuani. Beji ikionyesha kiwango kimefika, mtu anapumzishwa. Severin hakuwa na watu wa akiba, kwa hiyo aliwaagiza waache beji ndani ya gari lake kila wanapoingia ghorofa chafu. Aliwaambia wasi-worry, hiyo dose ni ndogo kuliko ya X-ray. Buti za kubadilisha hakununua, wakawa wanarudi nazo nyumbani. Tena wiki ya kwanza alimwita Ambilikile pembeni, wakabeba kiti kikubwa cha ngozi kutoka ofisi ya mkurugenzi, ghorofa ya tatu, wakakipitisha mlango wa nyuma kabla wapimaji hawajafika huko. Mkono wa kiti ukanasa kwenye komeo ukachanika. Severin alisema ni dhambi kuzika kiti kama kile. Mume wangu akanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa usimamizi. Nilimwita mjinga, na mpaka leo akiniudhi namwita hivyo.

Septemba, wafanyakazi wote walipopimwa, mashine ya kupimia ilimlilia Ambilikile. Wakamnyoa nywele, wakamfuata mpaka nyumbani. Walikuja mchana, wamevaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na majirani wote wakatoka na simu zao kupiga picha. Walichukua zulia, godoro, makochi, vitenge vyangu vya harusi. Walichukua lile blanketi alilotugawia mama, nusu yangu ile, nikawaomba wanikatie japo kipande, wakakataa kwa adabu sana. Ambilikile akawekwa kwenye dawa, vidonge vya buluu vinavyomfanya mtu apate hata choo cha buluu. Tulicheka mara moja tu kuhusu hilo, halafu tukaacha.

Mbele ya wakaguzi, Severin alisema Ambilikile ni mzembe, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akivua beji kwa sababu inamkera. Mume wangu akafukuzwa, na jina lake likapita kila nyumba ya Mtanzania kuanzia hapa mpaka DeSoto. Wapimaji walirudi wakasema nyumba yetu ni safi kabisa. Nilitoa tangazo hilo kwa kila mtu. Lakini wewe, dada, hukuniuliza mimi. Ulimpigia Severin kumwuliza kama nyumba yangu inafaa, naye akakuambia haifai, umlete mwanao Precious kwake kule Katy, ana vyumba vitupu. Ukamhamisha binti aliyekuwa akikaa kwangu, niliyekuwa nikimfunga vitambaa vya kichwani na kumwamsha aende chuo. Aliondoka analia. Sijui kama alikuambia.

Halafu Oktoba akafariki mama yake Ambilikile kule Tukuyu. Kusafiri hakuruhusiwa kwa sababu ya matibabu, tukasema basi tutaweka msiba hapa hapa. Niliazima viti, nikapika pilau ya kulisha kanisa zima, nikatandika mikeka mipya. Severin alikuwa amewapigia watu akiwaambia waangalie afya zao. Hawakuja. Alikuja Gakii peke yake, yule nesi Mkenya wa mlango wa pili, na chapati zake, akakaa nasi siku zote tatu akiimba nyimbo za Kimeru ambazo hatukuzijua. Ambilikile alivaa shati jeupe akakaa anatazama mlango. Kila gari likisimama nje, anainuka. Nawe ulituma ujumbe wenye picha ya mshumaa. Kutoka Irving mpaka hapa ni barabara moja iliyonyooka, Theodora.

Siku ile nilipokuwa namwaga pilau, niliapa kwamba Severin ataonja. Nilitaka akae mbele ya watu walewale, katika siku yake ya kuwahitaji, awaone wanamkimbia. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyotaka kula.

Mwezi uliopita baba yake Severin alifariki Bukoba. Unajua msiba wa mtu mwenye jina: Jumamosi ile magari yalijaa mpaka mtaa wa pili. Nami nilikwenda, nimejifunga kitenge cheusi, nimebeba sufuria ya wali. Mkewe aliipokea kwa ncha za vidole akaipeleka gereji. Severin mwenyewe alikuwa sebuleni, mfiwa mkuu, ameketi kwenye kiti kikubwa cha ngozi kilichotandikwa vitambaa vya kufuma. Kabla sijatoka nyumbani asubuhi ile nilikuwa nimeshawapigia wapimaji, nikawaeleza kiti, ghorofa na mlango wa nyuma.

Walifika wakati wa sala. Video umeiona, Texas nzima imeiona, lakini video haina harufu ya ule woga. Mashine yao ililia tangu mlangoni mwa sebule, na walipokaribia kiti ikawa haipumui. Wakamwomba Severin asimame. Wakatoa vitambaa, na pale kwenye mkono wa kiti pakaonekana ile sehemu iliyochanika, imeshonwa kwa uzi mweupe. Suruali yake ililia pia. Wakamvua nguo nyuma ya shuka, wakampa nguo za karatasi, akatoka nazo mbele ya mchungaji. Wageni wote wakapangwa uani kwenye majani, pekupeku, wapimwe viganja na nyayo. Aliyeambiwa ni msafi hakungoja hata kuaga. Nilimsogelea nikamwambia pole kwa msiba. Kisha nikamwuliza kama anadhani watu watarudi kesho kukaa naye, au waangalie afya zao. Nilifurahi, dada. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili.

Sasa wakaguzi wamefungua upya habari za beji, na wale vibarua wengine wameanza kusema. Ambilikile amesafishwa jina. Ningeweza kuishia hapa.

Precious amekuambia kwamba siku ile alikuwa chuoni. Hakuwa chuoni. Alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni, na nguo zake nazo zililia. Amekudanganya kwa sababu nilimwomba. Nami nakuambia sasa nilijuaje kwamba kiti kiko kule. Novemba ulinituma nimpelekee vitabu vyake, vilivyopimwa vikaonekana safi. Mke wa Severin hakunikaribisha ndani, alinisimamisha barazani, akafungua mlango kidogo amwite. Nikamwona mwanao. Alikuwa ndani ya kiti kile, amekunja miguu, kitabu mapajani, na chini ya kiwiko chake palikuwa na uzi mweupe.

Nilikitambua palepale. Ningeweza kumshika mkono nikaondoka naye. Nilimpa vitabu, nikambusu, nikarudi kwenye gari. Nilijua nikisema siku hiyo watakichukua kimyakimya, na hakuna atakayemwona Severin akivua suruali. Nikaamua kungoja nyumba yake ijae. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia hata Ambilikile mpaka juzi, na tangu nimwambie analala sebuleni. Nilisema moyoni: huko ndiko mama yake alikomchagulia. Sikuwa nangoja kwa ajili ya Severin peke yake.

Daktari amekuta kiasi kidogo cha ule unga kwenye mkojo wa Precious, kidogo kuliko cha Ambilikile. Anameza vidonge vya buluu, na wanasema kitatoka, ila watampima kwa muda mrefu. Yuko hapa kwangu, katika chumba chake cha zamani. Anakula, anacheka na Gakii. Nilimweleza yote kabla sijakuandikia. Kesho yake aliniomba nimsuke. Sijui maana yake.

Njoo umwone. Nitukane, una haki hiyo, na sitakujibu. Lakini hutanitukania kutoka barabarani wala kumwita mwanao atoke nje. Utavua viatu, utaingia, utakaa kwenye kochi langu jipya, utakula nitakachopika. Mlango hautakuwa na komeo.

Msalimie shemeji Samson, na umfikishie pole zangu kabla hujamsomea barua hii. Ambilikile anakuamkia. Gakii naye anauliza lini dada mkubwa ataonekana Houston.

Ni mimi mdogo wako,
Joyceline