Mkono wa Kushoto wa Katibu

Jumapili, 8 Desemba 1974

Picha ya Katibu Kata imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa sikukuu ya Uhuru kesho. Nimepita pale baada ya misa, sikuinua macho. Mjomba Urbano anajisifu kwa kila mteja wa studio yake: mpwa wangu Anastazia kaichapa peke yake, chumba cha giza, mimi hata sikugusa! Angejua.

Ni ile niliyopiga mwezi wa sita nikiwa likizo, siku ya kuhamisha watu. Katibu anamkabidhi mzee Alute jembe jipya kwa kukubali kuhamia kijiji cha ujamaa. Ubaoni ni hivyo tu. Kwenye negativu kuna zaidi. Nyuma ya kiwiko cha Katibu mgambo wako juu ya tembe la Bibi Selina, wanang'oa paa. Na Bibi amekaa mlangoni juu ya kigoda, anatazama kamera. Ananitazama mimi.

Sikukusudia! Nilikuwa naliangalia jembe. Nikiwa nyuma ya kamera watu hawanisemeshi, ndiyo raha yake, lakini pia sioni vizuri.

Bibi alikufa mwezi wa nane, kibanda chake cha kijijini hakijaezekwa. Hakuwahi kupigwa picha nyingine. Mjomba ni mwanawe wa kuzaa na hajui kwamba yumo humo. Siku ile alikuwa Tabora kutafuta dawa za picha. Filamu niliisafisha mwenyewe, nikaona, nikaficha. Nilimwogopa Katibu. Nilimwogopa na Mjomba, uso wake.

Kwa hiyo juzi wakati wa kuchapa nilikata karatasi nyeusi, nikaziba tembe, mgambo, Bibi, mpaka kile kitambaa cha maandishi ya Chama kilichoning'inia juu.

Jumanne, 10 Desemba

Mungu wangu.

Stumai wa jirani ametoka foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, anacheka hadi anashika ukuta. "Nasta, Katibu wenu tangu lini mashoto?" Sikuelewa. Akasema foleni nzima inamtania mzee Alute: umepewa jembe kwa mkono wa kushoto, kama mbwa anavyotupiwa mfupa! Mzee amekasirika, anaapa alipewa kwa kulia, tena kwa heshima. Nani amsikilize? Picha iko ubaoni.

Nimekimbia kuitazama negativu. Ina upande unaong'aa na upande usiong'aa, na mimi niliiweka imegeuka. Kosa la mtoto wa siku ya kwanza! Kama maandishi ya kitambaa yangeonekana, yangesomeka kinyumenyume na ningejua palepale. Lakini niliyaziba mwenyewe.

Jumatano, 11 Desemba

Amekuja. Nilisema shikamoo.

"Marahaba. Binti, nani kakutuma unifanye mashoto mbele ya wananchi?"

Mjomba akadakia, "Ndugu Katibu, ni mtoto, kakosea tu."

"Mtoto wa sekondari? Anayesoma Kiingereza kwa fedha ya serikali?" Akanitazama. "Serikali inayokupeleka shule inaweza kukurudisha, unajua?"

Nilitazama viatu vyake. Vina vumbi jekundu.

Anataka picha mpya, mkono wa kulia. Na negativu yenyewe aondoke nayo, mtu asije akamchezea tena. Ijumaa. Mjomba akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipotoka tu Mjomba akafungua pakiti ya karatasi za kuchapia: imebaki moja. Singida mjini hakuna, Dodoma hakuna.

"Moja inatosha," akasema. "Usigeuze."

Alhamisi, 12 Desemba

Sijala. Kesho Katibu akiichukua negativu ataona yote yaliyomo. Mjomba alinifundisha mambo mawili juu ya negativu. Ukichora kwa penseli iliyochongwa kama sindano, pale panatoka peupe. Ndivyo anavyowaondolea kina mama chunusi, na wanamsifu kuliko daktari! Ukikwangua kwa wembe, panatoka peusi. Giza tupu, na hapaponi tena.

Nimejaribu wembe kwenye negativu mbovu. Ni rahisi mno. Mtu anaondoka kama ukoko wa sufuria.

Leo nimeinyanyua ile yenyewe mbele ya dirisha. Niliwaza nianzie kwa mgambo. Lakini Katibu akiona tembe tu na ajuza mlangoni atauliza ni nani. Atasema tumemwekea ushahidi. Atafunga studio. Nikausogeza wembe mpaka kwenye kigoda cha Bibi. Nikaurudisha.

Nitaamua kesho. Mwoga!

Ijumaa, 13 Desemba

Naandika humu chumba cha giza, taa ya kitambaa chekundu. Katibu yuko nje kwenye benchi, namsikia anakohoa.

Mjomba aliingia, akaniona na wembe. "Unakwangua nini?" Akaichukua negativu, akaiinua kwenye taa. Niliuweka wembe mezani. Akaitazama. Akaisogeza karibu. Kisha akasema polepole, kwa Kigogo, kama Wagogo wanavyosalimia wakubwa wao: "Mbukwa, mama."

Ameiweka kwenye fremu ya kuchapia, upande wake sawasawa. Amechukua karatasi yangu nyeusi, ameikata upya kwa mkasi, na kumziba nayo Katibu. Jembe na kila kitu. Kisha akafungua pakiti, akatoa ile karatasi ya mwisho.

Nilimshika mkono! Mjomba, ni ya Katibu! Akautoa mkono wangu taratibu.

Karatasi iko ndani ya dawa sasa, anatikisa beseni.

"Urbano! Bado?"

"Bado haijaiva, Ndugu Katibu. Kaa kidogo."

Wembe uko pale mezani, mkavu. Hajautazama hata mara moja. Kigoda kimetoka. Kiganja kimoja juu ya goti kimetoka. Benchi limelia, Katibu amesimama, anakuja mlangoni – na macho ya Bibi ndiyo kwanza yanaanza