Gari la Mzee Melkior

Kiboriloni, Moshi

Mke wangu Hadija,

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Shakiru wa basi barua hii. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Desemba hii Wachagga wanapanda kwao mlimani na magari ya otomatiki yaliyozeeka, na giaboksi zinawafia vilimani. Juzi aliletwa Mzee Melkior wa Machame, gari linanguruma lakini haliendi. Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa. Imeungua, kama maharage yako ya wiki ile ya harusi. Nikacheka peke yangu.

Nikamweleza kwamba giaboksi iliyochakaa haimwagwi oili yote kwa mkupuo, itaanza kuteleza. Unatoa kidogo, unatia mpya, unaliendesha, unarudia.

"Fundi, wewe nifikishe tu kwa mama watoto," akasema.

Jana tukapanda naye polepole mpaka kwake. Mkewe akanipa mtori, ile supu yao ya ndizi na nyama, akaniuliza, "Na wewe kwenu unapanda lini?"

"Kwetu Singida hakuna mlima, mama."

"Basi huna hata kisingizio."

Hadija, shemeji amenieleza kwamba umefungasha vyombo urudi kwa baba yako. Sikulaumu, kila Idi nimekuahidi na sikuja. Leo nimemuaga bosi, kanuna, nimemwacha anune. Ijumaa nitakuwa hapo.

Vyombo usivifungue, nitavifungua mwenyewe. Ila toa sufuria moja, utupikie maharage. Hata yakiungua.

Wako,
Seleman