Mkono wa Kulia

Jumanne, tarehe 3 Machi 1953. Hospitali, Kasongo

Wamebadilisha bandeji tena. Sista wa leo ana haraka. Nimeangalia ukuta mpaka akamaliza. Vidole vinne havipo, kimebaki gumba peke yake.

Uji wa mchele. Nimeunywa, kijiko nimekishika kwa mkono wa kulia kama siku zote. Watu wa wodi wanasema nina bahati, umeumia wa kushoto tu. Mwanzoni nilikuwa nawaeleza. Sasa naitikia tu.

Bahati gani. Mimi ni fundi wa mbao, na fundi mwenyewe alikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia unajua kula, kusalimia, kufanya ishara ya msalaba na kuandika. Hayo alinifunza mama, na wafrère, watawa waliotufundisha shuleni, wakamalizia. Lakini kushika tezo, kusukuma randa, kuvuta msumeno, hakuna aliyenifunza. Kazi hizo zilikwenda kushoto zenyewe.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Homa imeshuka. Harufu haijatoka.

Feza amefika jana kutoka kambi ya kampuni, juu ya lori la pamba. Mke wangu hana maneno mengi na tumbo lake limekuwa kubwa. Kapita, msimamizi wetu wa kazi, amemwambia nyumba za kambi ni za watu wanaofanya kazi. Hakumfukuza. Alisimama mlangoni tu, akahesabu mabati.

Kampuni inaandika kwamba nilisinzia. Sikusinzia. Kile kibati cha kufunika msumeno wa mashine kiliondolewa kabla ya Noeli, na kapita anajua, na mzungu wake anajua. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka, mkono ukaenda nao. Naandika hivi ili angalau mahali pamoja paandikwe sawa.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimempata mtu wa kunisaidia. Maalim Ramazani, Mwislamu wa hapa Kasongo, ana duka la vitambaa karibu na msikiti. Zamani alikuwa karani wa baraza. Sasa anawaandikia watu mashtaka yao kwa Kifaransa. Alikuja kumwona mpwa wake wa kitanda cha pili, akanikuta nikimtukana mtu ambaye hayupo.

Amenieleza polepole. Sheria ipo. Mtu akipoteza mkono wake wa kazi, kampuni inamlipa kila mwezi mpaka afe. Akipoteza ule mwingine, wanamlipa mara moja, basi, kwaheri. Nikamwambia wangu wa kazi ni huu wa kushoto. Akaangalia kanzu yake. Najua alichofikiri. Kwao na kwetu pia, mkono huo ni wa chooni.

Akaniuliza kama sitaona haya jambo hili likisomwa mbele ya watu. Nikamwambia haya haijawahi kuninunulia chumvi. Akacheka kidogo, nami nikacheka, akakubali. Ni mara ya kwanza kucheka na mtu tangu ajali.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Nimetoka hospitali. Maalim amemaliza shtaka, kurasa mbili nzuri. Anasafiri pamoja nami mpaka Kabambare, kwenye baraza litakalosikiliza kesi yangu, eti ana wadeni huko. Nadhani hana wadeni wowote.

Lori lilizama matopeni mara tatu. Wanaume wote walishuka kusukuma. Mimi niliambiwa nibaki juu na wanawake. Sijawahi kujiona mdogo vile.

Jumatatu, tarehe 23 Machi. Kabambare

Mimi ni mjinga. Niliandike hilo kwanza.

Leo tulisimama mbele ya Bwana Teritware, mkuu wa wilaya. Maalim alisoma vizuri. Mzungu wa kampuni alikuwa amekaa pembeni akisafisha miwani. Mwisho karani akanipa kalamu niweke sahihi chini ya maneno yangu. Wengine wote leo waliweka alama ya kidole. Mimi nikaona fahari. Nikaandika jina langu lote, Raphaël, nikavuta ule mkia wa R chini ya herufi zote, kama nilivyokuwa nikisifiwa darasani. Kwa mkono wa kulia.

Bwana Teritware akaiangalia sahihi. Akauangalia mkono. Akasema neno kwa Kifaransa, na mzungu wa kampuni akavaa miwani yake, akatabasamu. Karani akatafsiri: mwandiko huu si wa mtu wa kushoto.

Nikaeleza fimbo. Nikaeleza vile frère alivyonipiga vidole vya kushoto kila asubuhi mpaka kalamu ikahama. Nilisema maneno mengi, karani akayafanya machache.

Bwana Teritware si mtu mbaya. Amesema nilete shahidi anayeujua mkono wangu, baada ya Pasaka. Usiku huu naandika kwa mkono ule ule ulioniuza, na mwandiko ni mzuri kabisa. Nimejaribu kuuharibu, umekataa.

Jumanne, tarehe 24 Machi. Kambini

Nimekwenda kwa Kitenge, fundi mwenzangu. Miaka yote tumefanya kazi meza moja, yeye upande huu na mimi upande ule, kwa kuwa viwiko vyetu havikugongana. Yeye wa kulia, mimi wa kushoto. Nani anajua kuliko yeye.

Aliangalia nyumba ya kapita kwanza, ndipo akajibu.

"Niko na watoto, ndugu yangu. Unisamehe."

Nimemsamehe. Hapana, si kweli. Sijamsamehe. Hata tezo yangu, yenye mpini niliouchonga kufuata kiganja changu cha kushoto, imefungiwa karakanani. Wanasema ni mali ya kampuni.

Feza ameanza kufunga vyombo. Sikumwambia aache.

Ijumaa, tarehe 27 Machi

Maalim ameniuliza swali ambalo mtoto angeuliza: ni nani aliyekulea?

Mama. Nilikuwa nimesahau. Nilipokuwa mdogo sana mama alikuwa akifunga mkono wangu wa kushoto kiunoni wakati wa kula, kwa kipande cha kitambaa chekundu. Alikaa mbele yangu mpaka nilipomaliza bakuli. Nikichomoa mkono, anaufunga tena, bila kelele. Nani mwingine atawaambia mkono wangu ulizaliwaje?

Yuko kijijini Lusangi, ana nguvu bado. Atakuja. Nimelala usingizi wa kweli.

Jumapili, tarehe 5 Aprili. Pasaka, Lusangi

Mama aliuona mkono, akakaa chini. Hakulia. Akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Nimemwambia tu kwamba serikali inataka kujua natumia mkono gani, na yeye ndiye anajua. Maalim alinionya nisimfundishe maneno, wazungu wanayasikia maneno ya kufundishwa. Basi sikumfundisha. Mama alisema, "Nitakwenda. Nitawaambia." Akatoa kikwembe chake kizuri cha kujifunga, kile cha harusi, akakianika kwenye jua.

Nina matumaini. Yananitia hofu.

Jumatano, tarehe 8 Aprili. Kabambare

Imekwisha.

Baraza lilijaa. Watu wa kodi, polisi, akina mama wenye kesi zao. Mama alisimama na kikwembe chake. Karani akamwuliza, kwa sauti ile ya kukaripia wanayoitumia kwa kila mtu:

"Mama, huyu mutoto wako anatumika na mukono gani? Wanasema ni ya kushoto. Ni kweli?"

Mama akamwangalia Bwana Teritware. Akawaangalia watu. Nikaona kidevu chake kinainuka, na hapo nikajua. Uso ule naujua. Ndio aliomwonyesha jirani siku tuliposingiziwa kuiba karanga.

"Mukono ya kulia," mama akasema. "Nani anasema ya kushoto? Nilimulea vizuri."

Maalim akaomba aulizwe tena. Wakamwuliza tena. Mama akapandisha sauti.

"Ya kulia, bwana. Kula, kulia. Kusalimia, kulia. Baba yake, Mungu amupumuzishe, hakupata haya juu yake hata siku moja. Munaweza kuuliza Lusangi yote."

Akina mama pale barazani wakaitikia. Mmoja akasema huyu ni mama kweli. Alisimama pale akinitetea kwa nguvu zake zote, na kila neno lilikuwa likinizika.

Bwana Teritware akaniuliza kama nina la kuongeza. Maalim alikuwa ananiangalia. Ilikuwa rahisi. Niseme, mama anasema uongo. Mbele ya polisi, mbele ya wanawake wale, mbele ya kikwembe kile.

Nilisema sina.

Tukatoka. Mama alinishika mkono wa kulia mpaka barabarani. Alitembea upesi, kwa furaha. Aliuliza, "Nilisema vizuri?" Nikasema, vizuri, mama.

Alhamisi, tarehe 9 Aprili. Kambini

Nimemchukia mama tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nalisema hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema. Nimemchukia frère. Nimemchukia Kitenge, na karani, na mkia wa R. Ule msumeno siuchukii, nashangaa.

Adhuhuri nilimkuta mama anamchomea Feza mahindi na kumchagulia yale laini. Chuki ikakosa pa kukaa. Haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa.

Ijumaa, tarehe 10 Aprili

Maalim amerudi Kasongo. Alisema tunaweza kupeleka shauri juu zaidi, lakini itabidi niandike kwamba mama yangu aliidanganya serikali, na ataitwa tena kujibu. Aliniuliza kama nitaweza. Hakungoja nijibu. Tulimpa kuku, akamkataa, akamfunga mwenyewe mguu na kumrudisha kwa Feza.

Jumatatu, tarehe 13 Aprili

Wamenilipa ile pesa ya mara moja. Tumetoka kambini kabla ya jua kuwa kali. Mtu mpya wa nyumba alikuwa ameshafika, amesimama nje na kitanda chake, anaona haya kuingia tukiwapo. Feza akamwonyesha bati linalovuja.

Jumatano, tarehe 15 Aprili. Lusangi

Nimeazima tezo ya mjomba. Kulia. Pigo la kwanza liliteleza, la pili likakata suruali. Nimejaribu mpaka jasho likaingia machoni. Mkono huu ni mkono wa padri, haujui kitu. Fundi amekufa, na mimi nimebaki kumlisha mjane wake na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Sijui kwa nini. Sijui kwa kitu gani.

Jumapili, tarehe 19 Aprili

Mvua tangu misa. Jirani amekuja kujikinga, na mama akamsimulia tena vile alivyosimama mbele ya Bwana Teritware na kulisafisha jina la mwanawe. Sasa kesi imekuwa ndefu zaidi, na polisi wameongezeka. Feza alifungua mdomo. Nilimwangalia, akaufunga.

Jioni bugali na sombe ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese mengi. Mama alileta maji, akanimiminia. Ninanawa mkono mmoja siku hizi, maji kidogo yanatosha. Akakaa mbele yangu, akauangalia mkono ukienda kwenye bakuli na kurudi.

"Kula, baba," akasema.

Nikala mpaka mwisho.