Mmea wa Uzioni

Bulwa, Jumapili

Kaka Bonifasi,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila mvua za huku zinaniumiza kifua na kuchuma chai kumenimaliza vidole. Watoto wako wamepona sawasawa? Habari za Mama sikuulizi, maana kila nikimtaja kwenye simu unakata. Ndiyo sababu naandika. Barua huwezi kuikata.

Wifi Agnesi ameniambia, na usimgombeze, kwamba tangu watoto watapishwe na ile mboga ya uzioni aliyoipika, Mama haruhusiwi kushika sufuria. Eti wajukuu wamekatazwa kupokea hata muhogo mkononi mwake. Kaka, huna haya? Mikono hiyohiyo ilitulea kwa mboga za porini miaka ile mahindi yalipokataa. Nimelia kwa hasira.

Ulinitumia picha ya mmea ulioko uzioni ili nikubali kwamba Mama amezeeka, haoni. Jana nilikwenda nayo ukingoni mwa msitu, juu ya mashamba ya chai, ambako mimea yote miwili, mboga yetu na mumunye-mwitu wenye sumu, imejaa. Mboga yetu ua lake ni la rangi ya maziwa, lina jicho jeusi katikati. Tunda lake lina miiba laini, na likiiva huwa rangi ya chungwa, hupasuka lenyewe. Mumunye-mwitu ua lake ni kubwa, jeupe pee, halina jicho. Tunda ni la mviringo, halina miiba, la kijani lenye madoa meupe. Majani yakiwa machanga yanafanana, na kwa kuwa mboga yetu ni chungu siku zote, hakuna ambaye angeshtuka mezani. Ulionipigia picha ni mumunye-mwitu. Hapo hukukosea.

Ila mmea huo hakuupanda Mama. Niliupanda mimi, nilipokuja Pasaka. Niliung'oa bondeni ukiwa mchanga, nikauchomeka uzioni ili Mama asihangaike na milima akitafuta mboga. Akaniambia, "Subiri utoe ua kwanza, mwanangu. Jani litakudanganya." Nikamcheka. Mboga yetu hunuka ukiisugua, lakini nilikuwa na mafua, nikaapa kwamba ndiyo yenyewe. Alipochuma, alichuma kwa kuniamini mimi.

Mmemsema miezi yote hii, naye hajanitaja.

Humu nimekukaushia maua mawili, la mboga na la mumunye-mwitu. Waite wote waliomnong'ona, uwawekee mbele yao, uwasomee barua hii bila kuruka neno. Mmea uung'oe mwenyewe. Kisha Mama apike, na wewe uwe wa kwanza kula.

Nisalimie wanao, na baba mdogo Petro, aliyetufundisha kusuka uzio ule. Mama usimpe salamu zangu. Krismasi nitakuja kumpigia magoti mwenyewe, kama atanipokea.

Ni mimi mdogo wako, niliyewalisha wanao sumu,
Veronika