Magunia Matatu ya Udongo Mweusi

Kiplangat, rafiki yangu,

Naanza na kosa langu, kwa sababu ungekuwa hapa ungelijua kabla sijavua gambuti.

Unakikumbuka kichuguu chako kule machimboni, juu ya Kaplong, kando ya shimo la Sirikwa. Watu waliowatangulia babu zenu walifungia ng'ombe ndani ya shimo lile, na kichuguu ni samadi na majivu yao. Ulikizungushia vijiti vya chokaa ili tinga lisikiguse. Ndiyo kazi uliyoandikwa: kusimama mbele ya mashine, na kikitokea kitu cha kale, kuzuia uchimbaji mpaka watu wa makumbusho waje. Sisi tulilipwa kuvunja, wewe ulilipwa kuzuia. Tulikucheka sana.

Wiki moja baada ya kukuzika, msimamizi aling'oa vijiti. "Mwenye alikuwa anazuia kazi ameshaenda," akasema. "Songeni." Tukasonga. Hata mimi, Kiplangat. Nilikuwa nimeshika karai, nikaangalia gambuti zangu.

Tinga likala nusu ya kichuguu, likamwaga ule udongo mweusi kando ya barabara. Unawajua watu wa hapa na udongo mweusi. Kabla ya chai ya saa nne akina mama walikuwa wamefika na magunia, huyu wa sukuma, yule wa vitunguu. Na mimi nikabeba. Magunia matatu, kwa wilbaro, mpaka nyumbani. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki. Methali humfaa sana mtu anayetaka kuiba.

Sukuma ya Kerubo, mke wangu, haijawahi kunawiri hivi. Majani mapana kama sinia. Majirani wanauliza tunatia mbolea gani, na mimi nainamia sahani.

Jumamosi nilikuwa napalilia, jembe likagonga kitu. Kigae cha chungu, upana wa kiganja. Nilikipangusa nikaona zile alama za kamba iliyosokotwa. Ulinionyesha siku ile ya mvua tulipojikinga chini ya turubai. Ulinishika kidole ukakipitisha juu yake, ukasema, "Hapa ndio mama fulani alibingirisha kamba. Sikia." Na kweli nikasikia.

Siku hiyo hiyo niliona kigae kingine kikubwa ukutani mwa shimo, nikataka kukichomoa nikuletee kama zawadi. Ukanifokea mbele ya watu: "Wewe mtu wa ndizi, wacha! Hiyo kitu ikitoka mahali yake inakuwa bubu!" Nilinuna mpaka jioni. Ukaja kuniomba msamaha na mursik kwenye chupa ya soda. Mimi Mkisii nikanywa maziwa yenye mkaa, nikajifanya nimeyapenda.

Sasa nilikuwa nimechuchumaa katikati ya sukuma na kigae bubu mkononi, na hakuna wa kumwambia. Kerubo angesema ni kigae tu. Wenzetu wangecheka. Wewe peke yako ungekasirika, na hicho ndicho nilichokikosa, mtu wa kunikasirikia. Nililia. Nakwambia wewe tu.

Nilifikiria kukileta kaburini kwako, nikizike karibu na msalaba. Nilifika hadi getini kwenu. Mkeo alikuwa anachuma chai, akanipungia mkono. Kisha nikakusikia kabisa, na ile sauti yako ya ubishi: hapo pia si mahali pake. Nikamwomba mkeo daftari lako la kazi badala yake.

Jumatatu nilifika kabla ya tinga. Nilichonga vijiti, nikavipaka chokaa, nikaizungushia ile nusu iliyobaki. Msimamizi akaniuliza ni nani ameniandika kazi hiyo. Nikasema tu, "Bosi, hapa hatuchimbi leo." Dereva akazima mashine, sijui kwa heshima au kwa uchovu. Nilipiga nambari ya watu wa makumbusho iliyo nyuma ya daftari, wamesema watakuja Alhamisi.

Tangu hapo wenzetu wananiita kwa jina lako, na hawaniiti kwa mapenzi. Saa ya chakula wanakaa upande ule mwingine, nami nakula peke yangu kwenye lile jiwe ulilokuwa ukikalia. Kutoka hapa kila kicheko kinasikika. Miaka yote ile ulikaa ukitusikiliza, rafiki yangu. Nisamehe.

Daftari lako lina sehemu tatu: kitu, mahali kilipotoka, na aliyekitoa. Nimejaza chini ya mwandiko wako. Kigae chenye alama za kamba. Mahali, sijui tena. Aliyekitoa, Nyamongo. Watu wa makumbusho watasoma hiyo Alhamisi, na huenda msimamizi naye akaisoma, na kazi yangu ikaishia hapo. Sitaifuta.

Pumzika sasa. Vijiti vikianguka nitavisimamisha. Na nikimwona mtu anachomoa kitu ukutani, nitamfokea mbele ya watu, kisha jioni nitampelekea ndizi.

Ni mimi,
Nyamongo